Muulize Sista: Mtoto kanywa sumu, weka maziwa chini ubebe kopo

Wiki hizi meseji za sumu zimekuwa nyingi sana jamani, na sishangai, mashambani watu wanapuliza dawa, mahindi yako stoo na dawa zake, na joto hili la kwetu mtoto akiona chupa yoyote yenye kimiminika anajua ni maji. Nimechagua zile zinazofanana na za wengine wengi. Kabla sijaanza naomba mnishikie neno moja, maana nimekaa chumba cha dharura miaka mingi hapa hapa Dodoma na hili nimeliona kwa macho: anayefika mapema akiwa na kopo la kile kitu mkononi anatusaidia kuliko aliyechelewa nusu saa nyumbani akimnywesha mgonjwa maziwa.

Shikamoo sista. Mwanangu wa mwaka mmoja na nusu alikunywa mafuta ya taa, yalikuwa kwenye chupa ya maji ya dukani pembeni ya jiko. Mama mkwe akampa maziwa kikombe kizima halafu akamtia kidole mdomoni atapike, akatapika mara mbili. Baadae akaanza kukohoa na kuhema haraka haraka, tukaenda kituo cha afya wakatulaza siku tatu wakasema nimonia. Mama mkwe mpaka leo anasema maziwa yake ndio yamemuokoa. Nimuelewe vipi? – Mama wa mmoja, Chang'ombe

Marahaba mwanangu, na pole sana, namshukuru Mungu mtoto yuko salama. Mama mkwe wako usimlaumu, alifanya alichofundishwa na mama yake, na alikifanya kwa upendo. Ila hapana, maziwa hayakumuokoa, na ile nimonia inawezekana kabisa ililetwa au iliongezwa na kule kutapishwa.

Nielezee kidogo maana hii watu wengi hawaijui. Mafuta ya taa hatari yake kubwa haiko tumboni, iko kwenye mapafu. Ni mepesi, yanateleza, mtoto akikohoa au akitapika matone machache tu yanaingia njia ya hewa na yakishafika mapafuni yanayaunguza. Yakikaa tumboni yenyewe mara nyingi yanapita bila kishindo. Sasa ukimjaza maziwa tumbo linarudisha, ukimtia kidole ndio kabisa, yanapita kooni mara ya pili na mara ya tatu, na kila yakipita ni nafasi nyingine ya kuingia mapafuni. Nakumbuka mtoto mmoja aliletwa na bibi yake, kamfunga mgongoni na kitenge, tulipomshusha harufu ya taa ilijaa chumba kizima, maziwa yameganda kwenye kola ya shati na kifua kile kidogo kinavutika ndani chini ya mbavu kila akivuta pumzi. Bibi ananiambia "nimeshamtapisha sista, yametoka yote". Yalikuwa hayajatoka, yalikuwa yamehamia.

Kwa hiyo mtoto akinywa taa, petroli, dizeli au tina ya rangi: usimtapishe, usimpe maziwa wala mafuta ya kula. Mvue nguo zilizolowa, muoshe ngozi kwa sabuni na maji, mkalishe wima au mbebe kifua kikiwa juu, chukua ile chupa, ondokeni. Hata kama anacheza na anacheka mpeleke aangaliwe, sisi huwa tunataka kumuona kwa masaa sita hivi maana kikohozi na homa vinaweza kuchelewa kuanza. Njiani mhesabie pumzi, weka simu dakika nzima uangalie tumbo linavyopanda na kushuka, mtoto wa mwaka mmoja mpaka mitano akifika 40 au zaidi kwa dakika huyo anahema haraka, wa miezi miwili mpaka kumi na moja ni 50 au zaidi. Ukifika mwambie nesi hiyo namba, atakuelewa mara moja.

Na kwa vile swali la kutapisha linakuja kila siku, niseme pia kuhusu vitu vinavyounguza, yaani Jik, dawa ya kusafishia choo, kostiki ya kutengenezea sabuni, maji ya betri. Hivyo vimeunguza mdomo na koo vikishuka, ukivirudisha vinaunguza tena vikipanda. Mtoto asuuze mdomo ateme, mfute midomo na kidevu, na kama yuko macho kabisa na anameza bila taabu mpe funda mbili tatu za maji, basi. Ndimu kwa ajili ya kostiki au magadi kwa ajili ya asidi msijaribu, vikikutana humo ndani vinatoa joto na kidonda kinakuwa kikubwa zaidi. Maji ya chumvi nayo ya kutapishia naomba yafe kabisa kwenye nyumba zetu, chumvi nyingi kwa mtoto mdogo inapanda kwenye damu mpaka ubongo unaumia, mtoto anaweza kupona sumu akafa kwa chumvi.

Habari za kazi sista. Mimi nalima zabibu huku barabara ya Iringa. Kijana wangu wa kazi alikuwa anahamisha dawa ya wadudu kutoka kwenye dumu, akavuta mpira kwa mdomo ikamuingia akameza kidogo. Baada ya kama nusu saa anatoka mate tu na jasho, tumbo linamkata, anasema haoni vizuri. Wenzake wakampa mayai mabichi mawili na mafuta ya alizeti. Alipona baada ya kulazwa lakini nataka kujua tungefanya nini. – Mkulima, Mpunguzi

Salama kaka, asante kwa kuuliza, na asante pia kwa kumpeleka huyo kijana, wengine wanawaacha walale kwenye kibanda cha shamba wakisema atazimua tu.

Alichopata kijana wako kinafanana sana na sumu ya zile dawa za wadudu ambazo zinafungulia kila bomba la mwili. Mate yanatiririka, machozi, jasho, makamasi, mkojo na haja vinatoka vyenyewe, tumbo linakata, anatapika, misuli inacheza cheza chini ya ngozi. Na ukitaka kuhakikisha mwangalie jicho, mboni inakuwa ndogo kama punje ya ulezi hata akiwa kivulini. Ndio maana alikuwa haoni vizuri. Kinachoua hapo ni kifua, mapafu yanajaa majimaji yake mwenyewe na misuli ya kupumulia inachoka, yaani mtu anazama nchi kavu.

Dawa yake ipo hospitali, inaitwa atropini, tunadunga na kurudia na kurudia mpaka kifua kikauke, wakati mwingine mtu mmoja anamaliza boksi zima kwa usiku mmoja. Hakuna yai linalofanya hiyo kazi. Mafuta ya alizeti ndio mabaya zaidi, viuatilifu vingi vinapenda mafuta, na tumbo lililojazwa linatapika, na mtu anayeanza kusinzia akitapika anavuta matapishi mapafuni.

Mlichotakiwa kufanya: kumtoa pale penye dawa, kumvua nguo zote mpaka viatu, kumwagia maji mengi na sabuni, nywele na kucha pia, kwa sababu dawa hizi zinaingia hata kwa ngozi na nguo iliyolowa inaendelea kumlisha sumu njia nzima. Anayemuosha avae glavu, kama hakuna avae nailoni yoyote mikononi, nimewahi kuona mtu amemleta kaka yake na jioni yeye mwenyewe yuko kitanda cha pili anatoka mate. Halafu alale kwa ubavu, kinywa kielekee chini, mate yatoke nje. Akiacha kupumua mlaze chali mwanze kumkandamiza kifua katikati kwa mikono miwili, kwa nguvu, kishuke kama sentimita 5, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, msiache. Kumpulizia pumzi mdomo kwa mdomo wakati mdomo wake umejaa dawa ni kujimaliza na wewe.

Halafu kopo. Kaka hapa ndipo penye shida kubwa ya wakulima wetu. Mnaenda dukani mnanunua dawa ya kupimiwa kwenye chupa ya soda, haina lebo, ukiulizwa hospitali ni dawa gani unajibu "ile nyeupe ya wadudu". Nyeupe ziko nyingi, na matibabu hayafanani. Jamaa mmoja alifika na baba yake kwenye bajaji, na katikati ya vurugu zile akafungua kitambaa alichokuwa amekikumbatia, ndani kuna kifuniko na kipande cha lebo alichokibandua kwenye dumu maana dumu lenyewe lilikuwa kubwa, kipande kama kiganja hivi, lakini jina la kiambato lilikuwa linasomeka. Daktari alisoma akaagiza dawa hapo hapo. Kama huwezi kubeba kopo piga picha kwa simu, pande zote, hasa yale maandishi madogo. Na nunueni dawa zilizofungwa kiwandani zenye usajili wa TPHPA, ile mamlaka ya serikali ya viuatilifu, bei inazidi kidogo lakini unajua umeshika nini. Kuvuta mpira kwa mdomo na kupuliza nozo iliyoziba kwa mdomo, huyo kijana akirudi kazini mkatalieni kabisa, nozo inazibuliwa kwa maji na mswaki wa zamani.

Sista naomba msaada haraka. Mdogo wangu wa kike alipata matokeo mabaya, juzi usiku alimeza panadol nyingi, alikuja kuniambia mwenyewe jana. Alitapika tu kidogo, leo amekula ugali yuko kawaida. Nimpeleke hospitali au imeshapita? Naogopa polisi. – Dada mkubwa, Nkuhungu

Huyu dada nilimpigia dakika ile ile meseji ilipoingia na walikwenda, naandika hapa kwa ruhusa yake, kwa sababu najua kuna nyumba nyingine leo ina siri kama hii.

Haijapita. Panadol, yaani parasetamo, ina nafuu ya uongo. Siku ya kwanza mtu anaweza kuwa na kichefuchefu tu, au asiwe na kitu kabisa, anakula, anaongea, na huku ini linaharibika kimya kimya. Siku ya pili mpaka ya nne ndio macho yanaanza kuwa ya njano, maumivu upande wa kulia chini ya mbavu, anachanganyikiwa, na hapo tumeshachelewa sana. Dawa ya kulinda ini ipo, asetilisisteini, inafanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya masaa 8 tangu ameze, lakini hata zikipita siku mbili bado tunataka kumuona, tupime damu, na bado dawa inaweza kusaidia. Kwa hiyo jibu la "amekula ugali" lisimdanganye mtu yeyote. Mkiwa mnakwenda bebeni maganda ya vidonge, hesabuni vilivyobaki, na kumbukeni saa aliyomeza, hata kwa kukadiria, "ilikuwa baada ya taarifa ya habari" inatutosha kuanzia.

Kuhusu polisi nakuelewa mwanangu. Ni kweli Kanuni ya Adhabu yetu bado inataja kosa la kujaribu kujiua, na watu wanaficha wagonjwa ndani kwa hofu hiyo mpaka wanawapoteza. Lakini mgonjwa wa sumu ni dharura, mfikishe kwanza, matibabu ndio yatangulie na karatasi zitafuata nyuma na zikiulizwa tutazishughulikia. Usimdanganye daktari kwamba kameza mbili kwa ajili ya kichwa. Mwambie ukweli mlangoni, kwa sauti ya chini kama unaona aibu mbele za watu, atakusikia.

Na huyu mdogo wako, tafadhali, asigombezwe. Nimeona wazazi wanafika na fimbo ya maneno, "unataka kutuaibisha", mtoto yuko kwenye dripu anageukia ukutani. Mkalie karibu, mshike mkono, muulize taratibu kama bado anawaza kujiumiza, kumuuliza hakumpi wazo jipya, kunampa pa kutulia. Asilale peke yake siku hizi. Dawa zote za nyumbani na za shambani zihame, zikae kwa jirani kama kwenu hakuna pa kufungia. Hospitali mwombe daktari amuone mtu wa afya ya akili kabla ya kuruhusiwa, na kama atamwandikia kwenda Mirembe, hospitali ya afya ya akili, msishtuke, najua hapa mjini hilo jina linatumika kama tusi, ni tusi la watu wasiojua, pale kuna watu wanaosikiliza na wanaotibu huzuni kama sisi tunavyotibu kidonda. Matokeo mabaya yana njia zake, kuna kurudia mtihani, kuna vyuo vya ufundi vya VETA, hayo yatazungumzwa akishapona.

Kidogo tu kwa wengine wote: parasetamo ya mtu mzima haizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa masaa 24. Wengi wanazidisha bila kujua, anakunywa panadol, anakunywa na dawa ya mafua ambayo ndani nayo ina parasetamo, jino linauma anaongeza. Na sirapu ya mtoto ipimwe kwa kile kikombe chake cha plastiki, kijiko cha chai cha nyumbani kila kimoja kina ujazo wake.

Sista hujambo. Sisi zamani mtu akila kitu kibaya alisagiwa mkaa akanyweshwa, na nimesikia hata hospitali mnatumia mkaa. Sasa kosa letu liko wapi? Tena hapa nyumbani bibi yenu ana vidonge vya presha na sukari, na mkwe wangu ana vya kuongeza damu, wajukuu wako watano. – Babu, Mpwapwa

Sijambo babu, shikamoo. Wazee hamkuwa mbali na ukweli, ni kweli hospitali tunao mkaa, ila sio wa jikoni. Ule umetengenezwa kiwandani kwa namna ambayo kila punje ina vitundu vingi mno vya kunasa sumu, mkaa wa gunia hauna vitundu hivyo, unampaka mtoto mdomo tu na akipaliwa nao unaingia mapafuni. Hata huo wa kwetu tunautoa kwa kuchagua, unafaa zaidi ndani ya saa moja hivi tangu ameze, na mgonjwa awe macho, tena haushiki kila kitu, mafuta ya taa haushiki, asidi haushiki, wala madini ya chuma.

Na hapo kwenye chuma babu ndipo ninapokuomba usimame sasa hivi ukavihamishe vile vya mkweo. Vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito kliniki vina rangi na ganda tamu, mtoto anadhani pipi, na kwa mtoto mdogo ni sumu kali kweli, vinakula tumbo mpaka anatapika damu, halafu anatulia kidogo mnasema amepona, halafu anaanguka. Vya sukari vya bibi vingine kidonge kimoja tu kinatosha kushusha sukari ya mtoto wa miaka miwili, na inaweza kushuka masaa mengi baadae usiku wote mkiwa mmelala. Ukihisi kameza cha sukari na yuko macho mpe uji wenye sukari au soda mkiwa njiani, anayesinzia au mwenye degedege usimpe chochote mdomoni. Vya presha navyo hivyo hivyo, usisubiri dalili, mlete na kopo lake.

Mahali pa kuweka: juu ya kabati haitoshi, mtoto wa miaka mitatu anapanda kiti. Sanduku la bati lenye kufuli dogo, funguo shingoni kwa bibi. Na msimwambie mjukuu "njoo ule pipi" mkimpa dawa, analikumbuka hilo neno.

Mambo sista, mtoto wa jirani kameza ile betri ya duara ya rimoti, mama yake akampa ndizi ishuke. Ilikuwa sawa? – Kisasa

Poa mdogo wangu, hapana haikuwa sawa, na hii niijibu kwa haraka maana yenyewe ni ya haraka. Betri hizi za duara bapa kama sarafu ikikwama kooni inatengeneza umeme na mate na inaunguza, ndani ya masaa mawili inaweza kuacha kidonda kibaya. Hapewi ndizi, hapewi ugali wa kuisukuma, hatapishwi, anakwenda hospitali yenye eksirei moja kwa moja, kama zahanati ya karibu haina usipoteze muda kupanga foleni pale. Kitu kimoja tu kinaruhusiwa njiani, asali, kwa mtoto aliyetimiza mwaka mmoja, aliyemeza ndani ya masaa 12, na anayemeza vizuri: vijiko viwili vya chai kila baada ya dakika 10, visizidi mara sita. Asali inaipaka ile betri na kupunguza kuungua. Sisi tuna bahati, asali ya Manyoni na Itigi haikosekani nyumba nyingi huku, lakini kama hamna msizunguke dukani kuitafuta. Chini ya mwaka mmoja asali hapana. Ukiona mtoto ghafla anatoka mate, anakataa kula, anakohoa, na rimoti iko wazi haina betri, usisubiri mtu athibitishe kwamba aliona.

Sista habari. Huku kwetu mahindi tunalala nayo chumbani sababu ya wezi, na tunaweka vile vidonge vya kufukiza. Watoto wanaamka na kichwa kinauma. Halafu na ile sumukuvu, huduma yake ya kwanza ni ipi? – Mama shamba, Kondoa

Nzuri mama. Leo usiku msilale humo, nakuomba. Vile vidonge havihitaji kumezwa, vikikutana na unyevu wa hewa vinatoa gesi na ndiyo inayoua wadudu, na mtu aliyelala nayo kwenye chumba kilichofungwa inamuua vile vile. Kichwa, kichefuchefu, kifua kubana, harufu kama ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza, hizo ni dalili za kutoka nje wote, milango na madirisha wazi, na kwenda hospitali hata kama mmoja tu ndiye anayetapika. Kidonge kikimezwa, kimbia hospitali hapo hapo, na wanaomhudumia wakae penye hewa, matapishi yake yanatoa gesi hiyo hiyo. Kama wizi ndio tatizo tafuteni mifuko ile ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ya PICS, ukiifunga vizuri wadudu wanakosa hewa bila dawa yoyote na mnaweza kulala nayo.

Sumukuvu ni habari nyingine, ile ni sumu ya ukungu kwenye mahindi na karanga, na huku kwetu hatuna haja ya kuhadithiwa, mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu 68 waliugua na 20 wakafariki. Huduma ya kwanza ya nyumbani haina, kupika hakuiondoi, kusaga hakuiondoi. Mkiona watu wa nyumba moja wanatapika, macho yanakuwa ya njano, tumbo na miguu inavimba, acheni mara moja kula yale mahindi, wapelekeni hospitali na mbebe unga au punje kidogo kwenye mfuko zikapimwe, mahindi hayo msiwape kuku wala msiyauze. Anikeni kwenye turubai sio kwenye udongo, na punje zilizovunda mzitoe kabla ya kusaga.

Mimi ni bodaboda hapa Ipagala, nimeshabeba wagonjwa wa sumu wawili. Nikiitwa nifanye nini? – Dereva

Kaka ubarikiwe, wewe ndiye gari la wagonjwa la mtaa wetu. Anayeongea na kushika vizuri mbebe, na mtu mmoja nyuma yake amshike. Aliyelegea usimbebe mshikaki kama una njia nyingine, akikaa katikati kichwa kinaanguka mbele, kidevu kinagusa kifua na njia ya hewa inajifunga, mnafika mtu hapumui na hakuna aliyejua imetokea saa ngapi. Ita bajaji au gari lolote, alazwe kwa ubavu kiti cha nyuma, mmoja amshike kidevu kiinuke kidogo na aangalie kifua muda wote. Namba ya dharura, 112, mtu mwingine apige wakati nyie mmeshaondoka. Kama ni boda tu basi ndio hiyo hiyo, aliyeko nyuma aegemeze kichwa cha mgonjwa begani kwake kikiwa kimegeukia pembeni, mkono mmoja chini ya kidevu, nenda taratibu kwenye matuta. Na kabla hujawasha pikipiki waulize "kopo liko wapi?", maana wao wakati huo wanalia na hawatakumbuka, wewe utakumbuka.